Nzumari ya Mjomba, Penseli ya Mejumaa

Milalani, Jumapili, mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa hamsini na saba.

Jua la leo halina adabu. Kaskazi imeanza kuvuma, lakini ni kama mtu anayekupepea kwa mfuniko wa sufuria iliyo motoni. Na mimi midomo imenivimba, wa juu na wa chini, nimekuwa kama chewa aliyetolewa majini. Nikicheka inauma, nikinyamaza inauma. Kwa hiyo nimeona bora niandike.

Daftari, hatujaonana tangu Ramadhani. Usininunie. Nilikuwa na kazi zangu, na wewe ulikuwa na kurasa zako za mbele za kujivunia, zenye hesabu zangu za darasa la nne. Zote nilizipata, isipokuwa zile nilizokosa.

Kama kuna mtu anayelifungua daftari hili bila ruhusa (na namjua, ana miaka tisa na anapenda kusoma vya watu), basi asome polepole na asikunje kurasa.

Mimi ni Salimu, mkwezi wa minazi. Kuanzia Gazi mpaka Diani hakuna mnazi ulionishinda, hata ile mirefu ya ufuoni iliyopinda kama mgongo wa bibi kizee. Mzungu mmoja anayejenga nyumba huko Diani alisimama chini akinitazama mpaka kofia ikamwanguka. Watu wananiita Karani, kwa sababu nilisoma, na kwa sababu penseli yangu inakaa sikioni hata nikiwa juu ya mnazi. Wachache wananiita hivyo kwa heshima. Wengi kwa kunicheka. Mimi naitikia wote.

Skuli niliiacha mwenyewe nikiwa darasa la nne. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu. Ukweli ni kwamba mtihani ndio ulioniacha mimi. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote. Haya, limeandikwa.

Sasa nikueleze habari ya midomo.

Siku kumi na moja zilizopita Mwalimu Mwakio alikuja nyumbani kwetu kwa baiskeli, mguu mmoja wa suruali umefungwa kwa kamba. Mwalimu ni Mtaita, ndiye aliyenifundisha mimi, na fimbo yake naifahamu kuliko ninavyoufahamu mkono wa babangu. Anatafuta wasichana wa kuingia darasa la kwanza Januari, kwa sababu alionao wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja kimehamia Mombasa. Alisikia kuna mtoto hapa Milalani anasoma bila kufundishwa.

Huyo ni Mejumaa, mdogo wangu. Sikumfundisha. Nilikuwa nikisoma kwa sauti ili majirani wasikie, naye alikuwa ameketi nyuma yangu akipeta mchele. Siku moja nikakosea neno, akanisahihisha. Nilimfukuza. Kesho yake nikampa kipande cha penseli, kirefu kama kidole gumba, na tangu hapo hakuna mchanga wa ua wetu ambao haujaandikwa.

Baba alimkaribisha mwalimu kahawa. Mwalimu akausifu muhogo wa Baba. Baba akavimba. Mwalimu alipotaja habari ya mtoto, Baba hakungoja hata kikombe cha pili.

"Andika jina, mwalimu. Mimi ndiye babake."

Mama alikuwa anakuna nazi pale kando. Mbuzi ya kukunia ikanyamaza. Nilimwona Mama akimtazama Baba, kisha akakitazama kifuu, kisha akaendelea kukuna kama anayemkuna mtu.

Mwalimu hakujua, maana ni mgeni. Lakini Baba alijua. Kwetu sisi baba humlisha mtoto, humvisha, humpeleka chuoni kwa Maalim akasome Kurani. Likija neno kubwa, la kumtoa mtoto mahali na kumweka pengine, huulizwa mjomba wake, kakake mama. Baba siku hizi anasema kitabu kimempa baba mtoto wake na mambo ya mjomba ni ya zamani. Husema hivyo mjomba akiwa mbali.

Na habari hazikai mbali. Kesho yake alasiri Mjomba Masudi alitokea. Hakuketi. Mjomba asipoketi, jua kuna jambo.

"Shemeji, nasikia umegawa mtoto."

"Sikumgawa. Nampeleka skuli."

"Mtoto wa dadangu."

"Na wangu, shemeji. Sikumwokota."

Mjomba alikuwa ameufunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake, nikadhani ni hasira. Akasema, taratibu kabisa, kwamba yeye hana ugomvi na kusoma. Lakini skuli ilikwisha chukua mtoto mmoja katika nyumba hii, ikamrudisha nusu. Na ile nusu ilisimama mbele za watu ikamwambia nzumari yake ni mbuzi.

Wote wakanigeukia mimi. Mejumaa pia.

Daftari, lazima nikusimulie ya mbuzi, ingawa sitaki.

Mjomba ndiye mpuliza nzumari wa ngoma ya sengenya. Ngoma zikipangwa na upatu ukigongwa, yeye ndiye anayetangulia, mashavu yamejaa kama mtoto mwenye matubwitubwi, na sauti haikatiki, haipumziki, inakwenda kama maji ya mfereji. Arusi hainogi bila yeye. Lakini sisi vijana wa skuli siku hizi arusini tunasimama karibu na santuri. Tunavaa viatu. Tunatikisa kichwa kidogo tu. Mwaka jana huko Gazi, Mjomba alipokuwa katikati ya wimbo, mimi nikasema kwa sauti, "Jamani, huyo mbuzi mchinjeni basi, anateseka."

Watu walicheka. Walicheka sana. Mjomba aliumaliza wimbo, akaifuta nzumari, akaitia mfukoni.

Mwaka mzima nimeisimulia hadithi hiyo. Nimeisimulia Diani, nimeisimulia sokoni Msambweni, kila nikiisimulia naiongezea chumvi. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa ameiweka moyoni.

"Mtoto mwingine wa dadangu haendi huko akajifunze kunicheka," Mjomba akasema, na akaondoka. Baba alikohoa, akasema yeye ndiye baba. Aliyasema hayo Mjomba alipokwisha kuvuka uzio.

Mejumaa hakulia. Angelia ningemtania. Aliingia ndani, akatoka na kile kipande cha penseli, akakiweka juu ya paja langu kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Kisha akaenda kupeta mchele.

Tangu hapo akawa hasemi nami.

Nilivaa penseli mbili, moja kila sikio. Vijana wakaniambia, Karani, umeota pembe.

Ijumaa baada ya sala nikaenda kwa Mjomba kumwomba radhi. Nilichukua madafu sita, nimeyaangua mwenyewe, nimeyachonga vizuri. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja na maji. Mimi sina kiu."

Nikasema niliyokuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yenye tashbihi, lakini yalipotoka yalikuwa machache: nilikosa, Mjomba, nisamehe, na mtoto asiponzwe na mdomo wangu. Akaendelea kuchonga. Kisha akaniuliza kama mbuzi mwenyewe nimewahi kumpuliza. Nikasema la. Akainuka, akaleta nzumari.

"Haya. Mlize."

Kinywani ina ulimi mdogo wa ukuti mkavu, mwembamba kuliko ukucha. Nikavuta pumzi ya mkwezi, pumzi inayonipandisha minazi ishirini kwa siku, nikapuliza. Haikutoka sauti. Ulitoka upepo, na mate. Nikapuliza tena, ikatoka sauti, na siwezi kukuficha, daftari, ilikuwa ni sauti ya mbuzi.

Mjomba akacheka. Na alipocheka ile ncha ya kitambaa ikaanguka, nikaona. Meno mawili ya mbele hayapo. Pale katikati pamekuwa mlango.

Aliona kwamba nimeona. Akajifunika tena haraka, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mjomba Masudi ana haya, kama msichana.

Alinieleza huku anautazama mpini. Meno yalimwacha mwezi uliopita, akitafuna mua. Tangu hapo pumzi inavuja. Anaweza kupuliza kidogo, lakini kuizungusha hawezi tena. Na wiki iliyofuata ilikuwa ni arusi ya binti yake, Mwanamisi, anaolewa na kijana wa Kikoneni. Wale wawili aliokuwa amewafundisha, mmoja yuko bandarini Mombasa, wa pili anakata miwa Ramisi. Hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe hajui kwa nini siku hizi mumewe hacheki.

"Nyimbo nyingine nitajikokota nazo," akasema. "Wimbo wa kumtoa bibi arusi nyumbani, siuwezi. Ule haukatiki. Ukikatika, watu husema na ndoa itakatika. Utapuliza wewe."

"Mimi, Mjomba?"

"Si una pumzi? Si kila siku tunasikia habari za pumzi yako? Ukiupuliza, tutazungumza habari ya skuli. Ukishindwa, usinitajie tena."

Siku nane. Wenzangu wanajifunza mwaka.

Nikueleze jinsi inavyofanywa, maana unaweza kudhani ni kupuliza tu. Unachukua bua la mpapai, lina tundu katikati. Unatia maji katika kifuu. Unapuliza povu ndani ya maji, na povu lisisimame. Pumzi ikikaribia kwisha, unaiacha kidogo mashavuni, unaisukuma kwa mashavu, na wakati huo huo unavuta nyingine kwa pua. Mdomo unatoa, pua inaingiza. Ni kama kumwambia mtu atoke mlangoni na aingie mlangoni humo humo.

Nilijaribu juu ya mnazi ili nisionekane. Niliyavuta maji puani nikakaribia kuanguka. Nilijaribu nyuma ya nyumba, nikakohoa mpaka kuku wakakimbia. Siku ya tatu nilikuwa nimekasirika, nikasema huu ni ushenzi, mimi ni msomi. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Unaisukuma kwa kifua. Kifua hakina kazi hapo."

Ni Mejumaa, ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu lile jambo. Akasema niweke hewa shavuni kama ninavyoweka ubuyu ninapomficha yeye. Kisha akanipokonya bua akaonyesha. Povu lilikwenda. Likaenda. Nikahesabu mpaka thelathini, na bado linakwenda, na yeye ananitazama kwa macho makavu kabisa. Alikuwa akinichungulia siku zote, na kila nikienda kazini alikuwa akichukua kifuu changu.

Kwa hiyo nitalisema hapa na sitalisema pengine: mwalimu wangu wa nzumari ana miaka tisa. Kila alasiri alikaa mbele yangu akisikiliza povu. Likikatika, ananyoosha kidole. Hasemi. Kidole tu. Nilikiogopa kidole kile kuliko fimbo ya Mwalimu Mwakio. Na asubuhi Mjomba alinifundisha vidole vyangu pa kuviweka, akinikemea kwa sauti ya chini na mdomo umefunikwa.

Sikiliza jambo lililonishangaza. Nilipokuwa skuli nilidhani wanaopuliza ni watu wasioweza kusoma. Wimbo ule mmoja una mizunguko saba, kila mzunguko una badiliko lake, na badiliko likikosewa wapiga ngoma hawajui pa kugeukia. Mjomba anazo nyimbo kama hizo hesabu hana. Zote kichwani, hakuna daftari. Mimi nilishindwa kuweka kichwani jedwali la saba.

Basi, jana.

Arusi ya Mwanamisi. Watu walitoka Kikoneni, walitoka Gazi, wengine walivuka maji kutoka Mkwiro. Vijana wenzangu walikuwa pale kwenye santuri, na viatu vyao, na vichwa vyao vya kutikisa kidogo. Baada ya alasiri Mjomba akanipungia mkono. Nilivua viatu. Sijui kwa nini nilivua, niliona tu haviwezekani. Nikapita katikati ya watu nikasimama mbele ya ngoma, na mmoja pale kwenye santuri akasema, na alikuwa na haki ya kusema, "Jamani, mbuzi mwingine huyo."

Watu wakacheka.

Nilijua kicheko hicho. Mimi ndiye niliyekileta mjini.

Mlango ukafunguliwa, upatu ukaanza, nikapuliza. Na ikatoka, daftari. Haikutoka ya mbuzi. Ilitoka ndefu, nyembamba, ikapanda mpaka nikaisikia kwenye meno. Mwanamisi akatoka amefunikwa, shangazi zake wamemshika huku na huku, hatua kwa hatua, na mimi nikawa naenda kinyumenyume mbele yake kama inavyotakiwa. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne nikaanza kujisifu moyoni. Nikawaza jinsi nitakavyoisimulia Diani.

Hapo ndipo pumzi iliponikata.

Nzumari kimya. Ngoma zinaendelea lakini mbele yake hakuna kitu, kama gari lisilo na dereva. Nikamwona mama mkwe wa Kikoneni ameinua nyusi. Nikamwona Mjomba amegeuka anatazama mnazi. Mwanamisi alisimama, mguu mmoja hewani.

Na katika kimya hicho ikatoka sauti ndogo, ya kitoto, imeushika wimbo pale pale nilipoudondosha. Maneno ya mzunguko wa tano. Sijui aliyajulia wapi, labda kwa kukaa nje ya uzio wa Mjomba asubuhi zote zile. Mejumaa alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono nyuma, anaimba kama anayesoma darasani. Mama akaupokea. Shangazi wakaupokea. Kabla sijameza mate wanawake wote wa Milalani walikuwa wanaimba, Mwanamisi akaushusha mguu akatembea, na hakuna mtu wa Kikoneni angeweza kusema wimbo umekatika, kwa sababu haukukatika. Ulibadilisha mdomo tu.

Nikavuta hewa. Ningeweza kukimbia. Miguu ilikuwa tayari, na miguu yangu inajulikana. Lakini kile kidole kilikuwa kimenyooshwa kwangu kutoka juu ya kinu. Nikaingia mzunguko wa sita nikautoa mpaka wa saba, midomo inawaka, na bibi arusi akafika kwa watu wake.

Mmoja wa wale wa santuri, baadaye, aliniuliza nzumari inashikwaje. Nilimwambia aje na kifuu chake mwenyewe.

Watu walipotawanyika Mjomba akaniita.

"Umekatika mara mbili."

"Mara moja, Mjomba."

"Mbili. Ya kwanza ilikuwa mzunguko wa pili. Hukuisikia kwa sababu ulikuwa unajipenda."

Kisha akamwita Mejumaa, akamuuliza ni nani aliyemtuma aimbe. Mejumaa akasema hakutumwa, Karani aliishiwa. Mjomba akaniambia mimi, si yeye:

"Yule Mtaita wako. Mwambie mimi sijaulizwa. Aje aniulize."

Basi hayo tu. Hakusema ndiyo. Lakini leo ni Jumapili, na kesho Jumatatu mwalimu anafunga daftari lake la majina mpaka mwaka mwingine.

Leo asubuhi, jua halijakaa sawa, nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mwakio, midomo hii hii. Alidhani nimepigwa. Nikamweleza yote. Akashika kichwa, akasema hata kwao Taita mjomba ana neno lake, hajui kwa nini hakuuliza.

"Ulipewa kahawa, mwalimu," nikamwambia.

Nilimfundisha hapo hapo, yeye ameketi na mimi nimesimama, kama zamani lakini kinyume. Viatu uviache nje. Ukikaribishwa mara ya kwanza usiketi, ngoja ya pili. Usianze na habari ya mtoto, anza na afya, kisha mvua, kisha arusi ya jana. Usiseme umekuja kumchukua, sema umekuja kuomba. Na penseli usiitoe mfukoni mpaka akubali. Nikamwambia arudie. Akarudia. Akakosea pale pa kuketi, nikamrudisha mwanzo, na nitakuwa mwongo nikisema sikuona raha.

Kwa Mjomba alifika saa tisa. Mjomba alimweka juani kidogo, kwa heshima ya ukoo. Yote yakaenda kama nilivyofundisha. Afya, mvua, arusi. Baba alikuwepo, anasokota kamba isiyohitajika. Mwalimu akasema amekuja kuomba.

"Siku za arusi hatakuwa huko skuli," Mjomba akasema.

"Arusi ipi, mzee wangu?"

"Zote."

"Basi hatakuwa huko kamwe. Nyinyi hapa mnaoana kila wiki."

Mjomba alijaribu kujizuia. Hakuweza. Alicheka mpaka kitambaa kikaanguka, na pengo likaonekana na kila mtu, Baba, Mama, mkewe, mwalimu. Mkewe akashika mdomo. "Kumbe ni hilo tu," akasema. "Mimi nilidhani umenichoka." Mjomba akakiokota kitambaa, akakiangalia, akakitia mfukoni.

Walikubaliana arusi za watoto wa nyumba hii tu. Kisha Mjomba akasema neno la pili: mtoto asije kuchapwa wala kuchekwa kwa ajili ya ngoma. Mwalimu akasema yeye hawezi kumchapa mtoto kwa jambo kama hilo, halafu akanitazama, kwa sababu sote wawili tunaikumbuka siku niliyopiga sengenya juu ya dawati. Nikatazama pembeni, kwa adabu. Akasema, "Sitarudia."

Mjomba akamshika Mejumaa begani.

"Andika jina."

Mwalimu akaandika. Baba akaacha kusokota kamba. "Ndivyo nilivyosema siku ile ile," akasema, na kwa kuwa siku ilikuwa njema tulimwachia.

Wakati wa kuondoka, mwalimu aliniambia ana darasa la watu wazima, jioni mbili kwa wiki, na mtihani wa darasa la nne haujahama, upo pale pale nilipouacha. Nilimwambia nitafikiri. Kufikia njia panda nilikuwa nimekwisha fikiri. Jumatano nitakwenda. Asubuhi niko kwa Mjomba, wimbo wa pili, huo una mizunguko tisa. Yule kijana wa santuri amesema atakuja na kifuu.

Najiuliza, je, nilikuwa nusu kweli? Labda. Lakini nusu hutafuta nusu yake, na mimi yangu nilikuwa nimeiita mbuzi.

Hapa nilipofika Mejumaa amekuja. Amenyoosha mkono akakichomoa kile kipande cha penseli nyuma ya sikio langu la kushoto, kana kwamba siku zote sikio hilo lilikuwa kabati lake. Kisha akasimama begani kwangu akasoma kurasa hizi zote, midomo yake haitikisiki hata kidogo, anasoma kwa macho tu, kitu ambacho mimi mpaka leo siwezi.

Amesema kuna uongo. Pale nilipojibu kwamba nilikatika mara moja, sijaandika kuwa Mjomba ndiye aliyekuwa sahihi. Yeye pia aliisikia ile ya mzunguko wa pili. Hakunyoosha kidole kwa sababu alinihurumia.

Nimemwambia daftari ni langu. Amenyoosha kidole.

Haya. Mara mbili.